Risasi Zilizonenepa Uchagani

Watu wa kwetu wakinisifu, husifu wali wangu wa nazi. Nashukuru, lakini wali wa nazi kila mwanamke wa pwani anaupika, na wako wanaonishinda. Ninachojivunia mimi ni kitu kingine, na nakisema bila haya, kwa kuwa baadhi ya walionicheka enzi hizo bado wapo na masikio yao ni mazima. Katika nyumba ya baba yangu bunduki ilikaa na risasi ndani yake, msimu baada ya msimu, katika joto lile lile linaloyeyusha mishumaa sandukuni, na tangu siku nilipoanza kuitunza mimi haikukwama tena.

Kabla ya hapo ilikwama, na ilikwama mbele ya watu.

Shamba letu lilikuwa ndani ya Matsangoni, upande wa bara, pale mikorosho inapoishia na msitu unapoanza. Baba alihamia huko alipoacha kazi ya unyapara katika shamba la mkonge, Kilifi. Alilima mahindi, muhogo na kunde, na kila alichokilima nyani walikihesabu kuwa chao. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Mama yetu alikuwa ameshafariki. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu, alikuwa na duka Malindi, nami nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu na sanduku la nguo. Tulikaa wawili tu, baba na mimi. Aliniita mama, kwa sababu jina nililopewa ni la mama yake.

Mtu ambaye hajaishi karibu na msitu ule atauliza kwa nini sikuwafukuza nyani mwenyewe. Nyani hawamwogopi mwanamke. Ukiwapigia kelele wanageuza shingo kukutazama, kisha wanaendelea na shughuli zao. Siku moja nilivaa suruali na kofia ya baba nikawaendea kwa madaha ya kiume. Hawakudanganyika hata dakika moja. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikamwambia kesho aende yeye na kanga yangu tuone.

Waliiogopa bunduki. Ilikuwa bunduki ya marisau, ile inayotawanya vidonge vingi kwa mpigo mmoja, ambayo baba aliuziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Watamu ili arudi kwao. Karatasi zote zilipitia polisi, na leseni ilikuwa kwa jina la baba. Chini ya mtutu palikuwa na bomba la chuma. Risasi zilisukumwa humo moja nyuma ya nyingine, zikiibana springi iliyokaa ndani kabisa. Ukivuta mkono wa bunduki, kile kishikio kinachoteleza juu ya bomba, nyuma na kuurudisha mbele, springi inatoa risasi moja, inaingia chemba nyuma ya mtutu, unapiga. Ukivuta tena, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia.

Baba aliiweka ikiwa na risasi daima. Kwenye chemba hakuweka kamwe mpaka awe amefika shambani, hilo alikuwa mkali nalo. Lakini bomba alilijaza mpaka springi ikagoma. Alikuwa na sababu yake. Nyani hawangoji mzee atafute miwani, afungue kopo, aanze kusukuma risasi moja moja kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mpaka amalize, wao wameshakula na kuaga.

Na mahali alipoiweka ilikuwa uchagani.

Nyumba ya kwetu bila uchaga haijakamilika. Ni dari ya miti juu ya mafiga, ndani ya jiko, na moshi wa kila siku unapanda huko kuyafukiza mahindi ya mbegu mpaka yanakuwa meusi na fukusi hawayataki. Chochote ambacho watu wa kwetu hawataki kioze, kishike kutu wala kiliwe na mchwa hupandishwa uchagani. Hati ya shamba ilikuwa huko ndani ya kopo. Ngoma ya babu ilikuwa huko. Jambia la marehemu ami yetu lilikuwa huko. Bunduki nayo ikapanda, na ngazi ikaondolewa na kufungiwa chumbani mwa baba.

Kwa miaka mingi hapakuwa na kasoro. Risasi za zamani zilikuwa na mwili wa karatasi ngumu, na karatasi katika unyevu wa pwani huvimba kama mkate uliomwagikiwa chai. Moshi na joto la uchagani viliziweka kavu. Kisha duka la Mombasa alikonunua baba likaacha kuleta za karatasi, likaleta za plastiki nyekundu zenye kitako cha shaba. Baba alizifurahia sana kwa kuwa maji hayaziingii. Akazijaza bombani, akaipandisha bunduki mahali pake pa siku zote, na mimi chini yake nikaendelea kupika asubuhi na jioni.

Vuli ile mahindi yalikubali. Majirani walikuwa wakipita njia ya kwetu makusudi ili wayatazame. Nyani walikuja jua limeshapanda, kundi zima, bila hata kujificha, na nilipomwita baba alikuwa ameshateremsha bunduki na kutoka. Majirani wawili watatu walisimama kwenye ua kuangalia. Nikausikia mkono wa bunduki ukivutwa, kisha kimya. Nikausikia tena, kisha kimya kirefu zaidi.

Risasi ya kwanza ilikuwa imetoka bombani kwa shida na kukwama mlangoni mwa chemba, nusu ndani nusu nje. Mkono ulikataa kwenda mbele, ukakataa kurudi nyuma. Baba aliusukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dume mmoja mkubwa aliketi juu ya kichuguu, karibu kabisa naye, akamenya hindi taratibu huku akimtazama usoni. Nilitoka jikoni na sufuria na mwiko nikipiga kelele kama mwendawazimu, lakini nimeshasema nyani wa kule walivyokuwa.

Jirani mmoja, mtu wa mzaha uliokosa kipimo, akauliza kwa sauti, "Mzee, hiyo ni bunduki au ni mchi?"

Wakacheka. Baba aliingia ndani, akaiegemeza bunduki ukutani, akalala mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Iliniuma sana. Niliwakasirikia nyani, nikamkasirikia yule jirani, lakini hasira yangu kubwa ilikuwa kwa kile chuma. Kitu kinachokaa juu ya kichwa changu kila siku kikivuta moshi wa kuni zangu, siku ya kazi kinakataa!

Habari ilifika Malindi kabla ya wiki kwisha, na kaka akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu."

Hakungoja hata kahawa imfikie. "Baba, mimi naona sasa basi. Mahali hapa pamekushinda. Bunduki tuirudishe polisi. Shamba yuko tajiri wa hoteli analitaka, tumpe. Wewe uje ukae kwangu, chumba kipo."

"Na dada yako?"

"Naye tutamtafutia mahali."

Tutamtafutia mahali! Nami nimesimama pale pale na birika mkononi. Nilimmiminia kahawa, na namshukuru Mungu ilimwagikia kikombeni.

Baba alipapasa ukingo wa kiti. Alikuwa mtu aliyeongoza watu wengi katika mkonge, na sasa mwanawe alimpangia pa kulala. Mwishowe akasema, "Nipe msimu wa masika."

"Baba..."

"Nipe masika. Nikivuna, usinitajie tena kuhama. Wakila tena nyani, njoo na gari unichukue."

Kaka alikubali. Naye hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alimwogopea baba. Lakini alikuwa na tabia ya watu wa dukani, kuona kila kitu kilichokaa muda mrefu kuwa ni cha kuondolewa rafuni.

Kaka alipoondoka nikamwambia baba tuzitoe risasi zote nizitazame. Alikuwa ameshaing'oa ile iliyokwama kwa kijiti na subira. Nyingine hazikutaka kutoka kwa njia yao, ikabidi afungue kifuniko cha mbele ya bomba, atoe springi, azisukume kwa ufito. Nikazipanga juu ya mkeka, na kando yake nikaweka moja mpya kutoka kwenye pakiti iliyokuwa sandukuni mwake. Hata mtoto angeona. Zile za bombani zilikuwa zimefupika na kunenepa. Mdomo uliokunjwa ulikuwa umesukumwa ndani, na kiuno kimefura.

Nikaichukua pete ya fedha ya babu, aliyekuwa na vidole kama ndizi mbichi. Risasi mpya ilipita kwenye pete kuanzia mdomoni mpaka kwenye kitako cha shaba bila kugusa. Ya uchagani ilifika kiunoni ikagoma.

"Ni uchaga, baba," nikasema.

"Mama, bunduki imekaa uchagani tangu kabla wewe hujaolewa."

"Bunduki ndiyo ile ile. Risasi siyo zile zile."

Hakutaka kusikia. Kwake uchaga ulikuwa mahali pa heshima, na kusema umeharibu kitu ilikuwa kama kumsema marehemu. Sikubishana naye. Nilichukua vikombe vitatu vya plastiki vya aina moja. Viwili nilivipandisha uchagani, kimoja kitupu, cha pili nikakiwekea jiwe zito juu yake. Cha tatu nacho nikakibebesha jiwe kama hilo, lakini nikakiweka chumbani mwa baba, sakafuni, upande ule wa ukuta usiopigwa na jua. Kisha nikapika kama kawaida yangu. Baba alikuwa akipita, anatazama juu, anaguna, anaondoka.

Siku niliyoviteremsha nilimwita aone. Kikombe kitupu cha uchagani kilikuwa kimesimama vizuri, kimeshika masizi tu. Kile chenye jiwe kilikuwa kimeketi kwa matako, mdomo umepanuka, mwili umefura. Cha chumbani kilikuwa kimebonyea kidogo sana, unaona ukikigeuza kwenye mwanga.

"Jiwe ni springi," nikamwambia. "Joto peke yake halina neno. Jiwe peke yake linadhuru polepole. Vikikutana ndipo wanatucheka majirani."

Baba alivishika vikombe vile kimoja kimoja, akavigeuzageuza. Kisha akaenda mwenyewe kuchonga vigingi viwili vya mti wa mkoma, akavipigilia kwenye ukuta wa chumba chake, upande ule ule nilikoweka kikombe. Hakusema kuwa nimeshinda. Lakini vigingi alivipima kwa urefu wangu mimi, si wake.

Basi kazi ikawa yangu. Chumba kilifungwa, na ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga. Jambo la kwanza, bomba halikujazwa tena. Nilimwambia baba tuweke nusu, ili springi ikae imelegea kidogo.

"Nusu!" akasema. "Nyani kundi zima, wewe unanipa nusu?"

"Siku ile ulikuwa na bomba zima. Ulipiga ngapi?"

Alinitazama kwa jicho la unyapara, kisha akacheka. Nusu ikapita.

Jambo la pili lilikuwa zamu. Kila Ijumaa baba akirudi msikitini tuliketi kwenye baraza ya ndani, yeye anazitoa risasi na kuhakikisha chemba ni tupu, mimi nazipokea. Zilizokuwa bombani zilikwenda kupumzika ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya mchele niliokuwa nimeukaanga mkavu ili unywe unyevu. Zilizopumzika ziliingia kazini. Lakini hakuna iliyoingia bila kupita kwenye pete. Nilizivisha pete moja moja, kuanzia mdomoni hadi kwenye shaba, na iliyogusa niliitenga pembeni, hata kama ni kugusa kwa mbali. Baba mwanzoni aliona namharibia mali. Nikamwambia nyani atafurahi sana kuipokea, ampelekee. Vitako vya shaba nilivifuta kwa kitambaa kikavu kwa ajili ya chumvi ya hewani. Mafuta ya nazi, ambayo baba alipenda kuyapaka kila kitu mpaka bawaba za milango, niliyapiga marufuku karibu na bunduki, maana yakikaa yanaganda na kunata.

Habari za pete zilitoka nje, sijui zilitokaje. Kisimani wanawake wakawa wananiuliza risasi zangu nazioza lini. Yule jirani wa mchi akasema amesikia kwa mzee kuna harusi kila Ijumaa na mbona haalikwi. Nikamjibu mahari yake hawezi. Nilijibu kwa kicheko, lakini usiombe kujua nilivyokuwa nikijisikia moyoni. Kama ingekwama tena, haikuwa baba peke yake ambaye angehama. Na mimi sikuwa na chumba Malindi.

Masika ikanyesha vizuri. Mahindi yakapanda, yakatoa ndevu, yakaanza kukaza punje. Wakati yakiwa machanga nyani hupita tu wakionja, na baba aliwafukuza kwa debe na mbwa wa kuazima. Wanangoja punje zijae. Kaka naye alikuwa mtoto wa kulima, alijua punje hujaa lini, kwa hiyo yeye na nyani walihesabu mwezi ule ule. Alifika jioni na pikapu ya kukodi na dereva wake. Alisema amekuja kusalimia. Nikamuuliza salamu gani inahitaji pikapu, akaniambia nimpe maji ya kuoga.

Asubuhi tulikuwa kwenye chai na mahamri wakati mbwa alipoanza kubweka. Baba aliweka kikombe chini. Nilifungua chumba, nikaitoa bunduki kwenye vigingi na kumpa. Majirani walishafika uani, maana vichekesho vya bure havikosi watazamaji, na kaka alisimama nao, mikono nyuma.

Kundi lilikuwa limeingia safu za mwanzo. Dume alikuwa mbele, juu ya kichuguu chake, hata hakuhangaika kushuka. Baba akafika ukingoni mwa shamba. Nikausikia mkono wa bunduki ukienda nyuma, ukarudi mbele, na ukafunga. Sijasikia sauti tamu kama ile maishani mwangu, na nimesikia sauti nyingi tamu.

Akapiga. Dume akabingirika chini ya kichuguu asisimame tena. Ganda jekundu likaruka, mkono ukaenda na kurudi, akapiga tena. Nyani wakapiga mayowe na kupandana migongoni wakikimbilia msituni. Baba akatembea mbele yao kama anavyotembea kijana, anavuta, anapiga, anavuta, anapiga, na risasi ya mwisho ilitoka kwa wepesi ule ule wa kwanza. Nilikuwa mlangoni mwa jiko nikihesabu kwa sikio, na ilipotoka ile ya mwisho nilipiga kigelegele peke yangu. Niliona fahari, naisema wazi. Wanawake wa jirani walinitazama, kisha wakaniitikia.

Mahindi yalibaki yamesimama. Yule jirani wa mzaha alikuwa akikagua kucha zake.

Kaka alimwendea dereva, aliyekuwa ameketi juu ya boneti akishangaa. "Rudi Malindi," akamwambia. "Hakuna cha kupakia."

Baba akarudi uwanjani jasho likimtoka. Alivuta mkono wa bunduki nyuma, akatazama chemba, akatia kidole bombani kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kaka akanyoosha mikono miwili kuipokea, maana kwetu silaha ya baba hupokewa na mwanawe wa kwanza. Baba akampa. Akaketi kwenye kiti chake, akaomba chai yake aliyoiacha. Kaka akabaki katikati ya uwanja na bunduki mikononi, anatazama mlango huu, anatazama ule.

"Baba, naiweka wapi?"

Baba alikuwa akipuliza chai. "Muulize mwenye nyumba," akasema, na kidevu chake kikanielekea mimi.

Kaka akavuka uwanja mbele ya watu wote, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniuliza.